Sissako Ametuangusha, na Inafaa Tuseme

Abderrahmane Sissako alipoipeleka Black Tea kwenye shindano la tamasha la filamu la Berlin, Februari 2024, ilikuwa imepita karibu miaka kumi tangu Timbuktu. Hiyo Timbuktu ndiyo iliyoshindanishwa Cannes mwaka 2014, ikaifikisha Mauritania kwa mara ya kwanza kwenye orodha ya wanaowania Oscar, na mapema mwaka uliofuata ikazoa tuzo saba za César nchini Ufaransa, zikiwamo ya filamu bora na ya mwongozaji bora. Walioingia ukumbini Berlin walijua wanakwenda kutazama kazi ya nani. Wahakiki wengi waliipokea filamu mpya kwa ubaridi, jopo la majaji halikuipa kitu, na wapenzi wa Sissako wakagawanyika. Polepole sauti moja ikaanza kuifunika nyingine, na ndiyo inayosikika hadi leo kila filamu hii inapotajwa: anayesema imemvunja moyo ajilaumu mwenyewe. Alikwenda na matarajio yake kichwani, alitaka Timbuktu ya pili, akashindwa kuipokea zawadi aliyoletewa. Mpenzi wa kweli wa msanii, tunaambiwa, humfuata popote anapokwenda. Naipinga kauli hiyo kuanzia mzizi wake. Matarajio yetu kwa Sissako ni kazi ya mikono yake. Aliyajenga filamu baada ya filamu kwa zaidi ya miaka ishirini, na mtu anayevunjika moyo mbele ya Black Tea anafanya hivyo kwa sababu alizitazama zile za nyuma kwa makini. Anayetutaka tunyamaze anatutaka tusahau tulichofundishwa na mwongozaji yule yule anayedai kumtetea.

Kauli yenyewe ina historia, na inafaa kujulikana ilikotoka. Mwaka 1955 François Truffaut, wakati huo mhakiki kijana wa jarida la Cahiers du cinéma, aliandika makala ya kuitetea filamu ya Jacques Becker kuhusu Ali Baba, kichekesho kilichombeba mwigizaji Fernandel. Wengi waliiona filamu ile nyepesi. Truffaut akajibu kwamba hata kama Becker angekuwa ameshindwa, yeye angeitetea vilevile, kwa kuwa anamwamini Becker na njia yake. Hapo likapata nguvu fundisho lililoenea duniani kote: kwamba filamu dhaifu ya mwongozaji mkubwa ina thamani kuliko filamu safi ya fundi wa kawaida, na kazi ya mpenzi wa sinema ni kuchagua waongozaji wake kisha kusimama nao. Miaka miwili baadaye André Bazin, mlezi wa Truffaut na mmoja wa waasisi wa jarida hilo, aliwajibu vijana wake kwa upole na kwa uthabiti. Alikubali kwamba mwongozaji ni mtunzi kama alivyo mwandishi wa riwaya, lakini akaonya juu ya ibada ya mtu, akauliza mwongozaji huyo ni mtunzi wa kitu gani hasa. Ikumbukwe pia kwamba Truffaut na wenzake walikuwa wanawapigania waongozaji kama Hitchcock na Hawks, waliodharauliwa na wasomi wa zama hizo kama watengenezaji wa burudani tu. Silaha yao ilikuwa ya kuwainua waliopuuzwa. Sissako hajapuuzwa. Amekaa kwenye viti vya majaji wa matamasha makubwa, filamu zake zinafundishwa vyuoni, na mwaka 2020 aliongoza opera jijini Paris. Kumkinga mtu wa daraja hilo kwa ngao iliyotengenezewa waliodharauliwa ni kuitumia ngao mahali ambapo hapana mshale.

Basi turudi kwenye filamu zenyewe, maana ndiko ushahidi uliko. Katika Timbuktu mji umetekwa na wanaume wenye bunduki wanaopita vichochoroni na kipaza sauti wakitangaza amri: muziki marufuku, mpira marufuku, sigara marufuku. Sokoni wanamkuta mwanamke anayeuza samaki na kumwamuru avae glavu. Mwanamke anawauliza ataoshaje samaki akiwa na glavu mikononi. Wanashikilia amri yao. Naye anawanyooshea mikono, anawaambia waikate. Onyesho halichukui muda mrefu, na ndani yake umeshaujua utawala mzima: unajua kwamba wanaotoa amri hawajawahi kuosha samaki, kwamba sheria yao imetungwa mbali na maji na magamba, na kwamba upinzani wa kwanza dhidi yao unatoka kwa mtu mwenye kazi ya kufanya kabla jua halijachomoza sana. Sissako hakuhitaji hotuba. Alihitaji beseni, kisu na mwanamke anayeijua kazi yake. Vivyo hivyo vijana wanaocheza kandanda bila mpira: wanakimbia, wanapiga chenga, wanapiga penalti, kipa anaruka upande, na mpira haupo kwa sababu umepigwa marufuku. Ni onyesho linaloelea kama ndoto, lakini limesimama juu ya amri halisi iliyotoka kwenye kipaza sauti kile kile tulichokisikia mwanzo.

Njia hiyo aliianza zamani. Katika Bamako, ya mwaka 2006, aliishitaki Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, na mahakama akaiweka uani kwenye nyumba ya baba yake jijini Bamako. Mawakili waliovaa majoho walikuwa mawakili kweli. Huku wao wakibishana juu ya madeni na ubinafsishaji, wanawake wanatia nguo rangi, mtoto analia, harusi inapita katikati ya shauri. Mzee Zegué Bamba, mkulima, anasimama kutoa ushahidi kwa kuimba, na Sissako anakataa kuweka tafsiri chini ya picha. Mtazamaji asiyeijua lugha ya mzee anabaki na sauti tupu, na sauti hiyo inawaelemea mawakili wote waliotangulia. Mwingine angeliweka deni la taifa kwenye takwimu na hotuba. Sissako aliliweka kwenye koo la mkulima na kwenye beseni la rangi. Kwa muda wote huo alikuwa anatufundisha namna ya kutazama: kwamba jambo kubwa tulitafute kwenye mikono ya mtu anayefanya kazi, kwamba tusiamini uzuri wa picha usiotuambia mtu anakulaje, analala wapi na anamwogopa nani.

Kisha ipo Heremakono, ya mwaka 2002, iliyotwaa tuzo kuu ya tamasha la filamu la FESPACO mwaka uliofuata, na hiyo ndiyo inayoitia Black Tea aibu kuliko hata Timbuktu. Heremakono inatokea Nouadhibou, mji wa pwani wa Mauritania ambako watu wanasubiri safari ya kwenda Ulaya. Abdallah, kijana aliyekuja kumuaga mama yake, haijui lugha ya mahali, anakaa chumbani akitazama miguu ya wapita njia kupitia dirisha lililo karibu na sakafu. Fundi umeme mzee, Maata, anazunguka na mwanafunzi wake mdogo Khatra akijaribu kuziwashia nyumba taa. Na miongoni mwa wasubirio wote hao yupo Mchina mmoja, mchuuzi wa saa na vikorokoro, ambaye anamchumbia mwanamke wa pale. Wanakaa mezani, anashika kipaza sauti cha karaoke, anaimba kwa lugha yake wimbo wa kukumbuka kwao. Mwanamke anamsikiliza. Ni hayo tu. Hakuna anayeeleza uhusiano wa Afrika na China. Lakini mbele yetu wapo watu wawili ambao biashara imewakutanisha, kila mmoja mgeni kwa namna yake, na vile vikorokoro vya kuuzwa ndivyo vilivyomleta mwanamume huyo hadi ukingoni mwa Sahara. Sissako alikuwa amekwisha kulitia jambo lote la Black Tea ndani ya dakika chache, miaka ishirini na zaidi kabla ya kulitengenezea filamu nzima.

Filamu hiyo nzima inahusu nini? Aya, anayeigizwa na Nina Mélo, ni mwanamke wa Côte d'Ivoire ambaye siku ya ndoa yake, mbele ya ofisa na umati, anakataa kuolewa. Picha inayofuata tupo Guangzhou, kusini mwa China, kwenye mtaa wanakoishi Waafrika wengi, na tunamkuta Aya tayari anazungumza Kimandarini fasaha, anapendwa na majirani, na anafanya kazi kwenye duka la chai la Cai, mwanamume wa makamo. Cai anamfundisha utaratibu wa kuandaa na kuonja chai. Mikono inagusana, mvuke unapanda, mapenzi yanachipuka. Kila kitu kimepigwa kupitia vioo na vivuli, kwa mwanga wa dhahabu usiotoka. Na hapo ndipo mwanafunzi wa Sissako anapoanza kujikuna kichwa. Aya alipataje viza? Anaishi kwa kibali gani, na kinaisha lini? Duka la Cai linamuuzia nani, kwa bei gani, na kodi ya chumba analipaje? Alijifunza lugha ile lini, kwa nani, na alichekwa mara ngapi kabla ya kuimudu? Filamu haikai na maswali haya hata kidogo. Yule mwongozaji aliyejua kwamba glavu haziendani na magamba ya samaki sasa anatuonyesha duka ambalo biashara yake imegeuzwa kuwa manukato.

Kwa wasomaji wa Kiswahili pengo hilo halihitaji maelezo marefu, kwa sababu Guangzhou ni jina la nyumbani. Kariakoo isingekuwa Kariakoo ya leo bila mji huo. Viatu, vitambaa, nywele za bandia, vifaa vya simu, taa, vigae na vipuri vinavyojaza maduka ya Kariakoo, Eastleigh, Kamukunji na Kikuubo vimepita mikononi mwa watu waliokwenda wenyewe kuchagua mzigo kwenye majengo ya jumla ya Guangzhou, au waliomtuma mtu awachagulie. Mwenye mtaji mdogo hawezi kujaza kontena peke yake, kwa hiyo anampa wakala, na wakala anachanganya mizigo ya watu wengi ndani ya kontena moja, kila mmoja na alama yake kwenye maboksi. Ukiisha kufungwa, mzigo unasubiriwa kwa wiki nyingi, na huko nyumbani madeni yanahesabiwa. Mnunuzi na muuzaji mara nyingi hawana lugha moja. Wanachokuwa nacho ni kalkuleta. Muuzaji anaandika bei, anaigeuza mashine. Mnunuzi anafuta, anaandika yake, anairudisha. Muuzaji anatikisa kichwa, anafuta tena. Adams Bodomo, mwanaisimu wa Ghana aliyechapisha mwaka 2012 kitabu kizima juu ya Waafrika walioko China, ameyachunguza mazungumzo hayo ya kalkuleta kama mawasiliano kamili. Onyesho la namna hiyo, vidole viwili vinavyobishana juu ya tarakimu, Sissako wa Heremakono angelikalia bila kukata picha mpaka tumjue kila mmoja kati ya hao wawili. Black Tea imewapa wahusika wake lugha moja safi tangu mwanzo, na kwa kufanya hivyo imewanyang'anya safari nzima ya kukutana.

Sasa nije kwenye hoja nzito kuliko zote zinazotolewa kuitetea filamu hii. Inasema hivi: dunia imemzoesha mwongozaji wa Kiafrika kuleta vita, njaa na jangwa, na fedha za kutengenezea filamu, ambazo nyingi hutoka Ulaya, hufuata ladha hiyo. Akitokea mmoja akatuletea mwanamke Mwafrika aliyevaa vizuri, anayejua lugha, anayemkataa mume asiyemtaka na kumchagua anayempenda, watazamaji wanakunja nyuso. Kwa hiyo kuvunjika moyo kwetu ni ugonjwa wa macho yaliyozoeshwa kuiona Afrika ikilia. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Mazoea hayo yapo, na yameharibu filamu nyingi. Lakini inamtuhumu mtu asiye na hatia. Aliyevunjwa moyo na Black Tea hakuomba machozi. Mwaka 1993 Sissako alitoa Octobre, filamu fupi ya rangi nyeusi na nyeupe aliyoipigia Moscow, mji aliosomea sinema. Inamhusu Idrissa, mwanafunzi Mwafrika anayekaribia kurudi kwao, na Irina, Mrusi aliyebeba mimba yake. Hakuna vita humo wala njaa. Yapo mapenzi ya watu wawili wa rangi mbili katika mji wa baridi, na yana uzito kwa sababu yana theluji, yana majirani wanaochungulia, yana safari iliyokwisha kupangwa. Kwa hiyo wanaosema Sissako ameshindwa kwa kuingia kwenye mapenzi wamekosea, na wanaosema sisi tumeshindwa kuyapokea mapenzi yake wamekosea vilevile. Tulikwisha kuyapokea.

Tena ukitazama vizuri, kitu kilichodhulumiwa kuliko vyote katika Black Tea ni mapenzi yenyewe. Ndoa za Waafrika na Wachina zipo Guangzhou, na zinaishi ndani ya mambo ambayo mtunzi yeyote angeyatamani. Wapo waume wanaokaa kwa viza za muda mfupi, wanaolazimika kutoka nje ya nchi na kurudi ili waendelee kulala nyumba moja na wake zao. Kuna wazazi wa upande wa mke wanaoogopa majirani watasema nini. Kuna mtoto anayehitaji kuandikishwa ili asome shule. Kuna duka lililoandikwa kwa jina la mke kwa sababu jina la mume halisaidii kitu. Na furaha zipo tele: kontena limetoka bandarini salama, misa ya Kiingereza kwenye kanisa kuu la mawe la Moyo Mtakatifu imejaa Waafrika waliovalia vitenge, saluni zinasuka nywele na kupika habari za mtaa mzima. Saluni hiyo Sissako anaigusa, na kwa dakika hizo filamu inapumua. Kadhalika hadithi ya Cai na binti aliyezaa Cape Verde miaka mingi nyuma, kisha akamwacha, ina uchungu wa kweli, kwa maana ndani yake mtu anadaiwa. Lakini kati ya Cai na Aya hakuna anayedaiwa chochote. Wanaoneana huruma, wanapeana vikombe. Mapenzi yasiyogharimu chochote yanamkosesha mtazamaji sababu ya kuyaombea heri.

Wapo wanaoitetea filamu kwa mazingira: Sissako hakuweza kuipiga filamu China, akalazimika kwenda Taiwan, basi angeupataje uhalisi wa Guangzhou? Ni kweli ilipigwa Taiwan. Lakini Timbuktu nayo haikupigwa Timbuktu. Kwa sababu za usalama ilipigwa Oualata, mji mkongwe wa Mauritania, chini ya ulinzi wa jeshi, na hakuna aliyelalamika kwamba Timbuktu haimo. Ilikuwamo kwa sababu alijua amri zilivyoingia sokoni, msikitini na chumbani. Hoja ya mahali haimsaidii mtu ambaye mwenyewe alikwisha kuthibitisha kwamba mahali panaweza kuazimwa. Hata kisingizio cha washirika wapya hakipo, kwani mswada aliuandika na Kessen Tall, ambaye ndiye aliyeandika naye Timbuktu.

Wengine wanasema filamu haikuufumbia macho ubaguzi, na wanataja onyesho la mezani ambapo wazee wa ukoo wa upande wa mke wa zamani wa Cai wanatoa maneno mabaya juu ya Waafrika, na kijana Li-Ben, mtoto wa Cai, anawapinga. Onyesho lipo. Tatizo ni kwamba ubaguzi umefungiwa mle, kwenye vinywa vya wazee, ukajibiwa kwa hotuba ya kijana mwema, ukaisha pamoja na chakula. Huko Guangzhou haukuwa jambo la wazee mezani. Julai 2009 Waafrika waliandamana mbele ya kituo cha polisi baada ya Mnaijeria mmoja kuruka kutoka ghorofani akikimbia ukaguzi wa pasipoti. Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika walitolewa kwenye vyumba walivyokuwa wamelipia, wakakataliwa hotelini, wengine wakalala barabarani na mabegi yao, hadi mabalozi wa nchi za Afrika walioko Beijing wakaiandikia serikali ya China kwa pamoja. Picha za siku zile zilifika Nairobi na Dar es Salaam usiku ule ule, na ndugu wakapiga simu kuuliza watu wao wako wapi. Sidai kwamba kila filamu juu ya Guangzhou lazima iyasimulie hayo. Nadai kwamba mtu aliyeweza kuutia utawala mzima ndani ya jozi ya glavu angeweza kuutia ukaguzi wa pasipoti ndani ya kikombe kimoja cha chai: mkono unaotetemeka mlango unapogongwa, mteja anayeondoka bila kumaliza kunywa. Alikuwa na kikombe mkononi muda wote, na hakukitumia.

Inabaki hoja ya mwisho, ambayo huku Afrika Mashariki inasemwa kwa dhati kuliko zote: filamu zetu ni chache, wakongwe wetu ni wachache zaidi, tuwaunge mkono na manung'uniko tuyamalize chumbani. Naielewa huruma iliyomo. Mwongozaji wa Kiafrika anaweza kukaa muongo mzima akitafuta fedha za filamu moja, na neno baya linaweza kumfungia mlango. Lakini uchache wenyewe ndio unaolazimisha ukweli. Mtu anayepata nafasi mara moja katika miaka kumi anahitaji kuambiwa ni wapi nafasi hiyo ilipotelea. Wala nyumba ya sinema ya Afrika haishikiliwi na nguzo moja. Kwenye shindano lile lile la Berlin, Februari ile ile, Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha hilo, alikwenda kwa Dahomey ya Mati Diop, Mfaransa mwenye asili ya Senegal na mpwa wa mwongozaji Djibril Diop Mambéty, filamu ya zaidi kidogo ya saa moja juu ya vitu 26 vya kifalme vilivyorudishwa Benin kutoka Paris. Nayo inauliza swali zito kupitia kazi za mikono: watu wanaofunga makasha, wanaoyainua, wanaoandika hali ya kila sanamu. Yeyote aliyejifunza kutazama kwa Sissako aliitambua njia hiyo mara moja.

Na heshima haijawahi, katika fasihi yetu, kuwa na maana ya kunyamaza. Muyaka bin Haji wa Mombasa alibishana kwa mashairi na washairi wa Lamu, na kila upande ulimjibu mwenzake kwa kuwa ulimwona anastahili jibu. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi, diwani yake ya mashairi huru, mwaka 1974, wanamapokeo walimshukia kwa nguvu zote, wanausasa wakasimama naye, na ushairi wa Kiswahili ukatoka kwenye ugomvi huo ukiwa mpana kuliko ulivyoingia. Hatukuambiwa kwamba washairi ni wachache tuwaache. Sioni kwa nini sinema ipewe adabu ya msibani ilhali ushairi ulipewa uwanja.

Siungani na wanaoshangilia kwamba Sissako amekwisha. Wao nao wanalikwepa swali, kwa upande wa pili: badala ya kuitazama filamu wanamtazama mtu na kumtangazia mwisho. Mwanamke anayekataa mbele ya umati siku ya ndoa yake ni mwanzo wenye nguvu, unaostahili kusimama karibu na muuza samaki. Kama filamu ingemfuata huyo, na gharama ya neno lake hilo moja, hadi uwanja wa ndege, hadi foleni ya viza, hadi kitanda cha kwanza cha kukodi, leo tungekuwa na mazungumzo mengine. Ningependa tamasha la Zanzibar, ambalo tangu 1998 limekuwa likiwakutanisha watu wa pwani hii na filamu za Afrika, liionyeshe Heremakono usiku mmoja pale Ngome Kongwe na Black Tea usiku wa pili, na liwaalike kuzungumza wafanyabiashara wa Kariakoo na Darajani waliokwisha kuishi Guangzhou, wakae mbele pamoja na wahakiki. Waulizwe walichokitambua na walichokikosa. Atakayetaka kuitetea Black Tea mbele yao apewe nafasi ya kutosha, aitetee onyesho kwa onyesho, atuonyeshe ni lipi kati ya yale ya dukani linasimama sawa na lile la karaoke.